"Buckaroo" wa Marekani: neno hili limetoka wapi?

Mkamuaji wa Idaho anauliza:

Salamu ndugu zangu. Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na huu ni mwaka wa sita niko Idaho kusini, nje kidogo ya Twin Falls, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Zamu yangu huanza saa kumi alfajiri. Ng'ombe wanaingia kwa safu, mimi nafuta chuchu kwa kitambaa cha dawa, mwenzangu anavisha vikombe vya mashine, tunakwenda hivyo mpaka jua linatoka. Wenzangu wa zamu karibu wote ni Wameksiko, kwa hiyo Kihispania changu kinakua haraka kuliko Kiingereza.

Juzi mtamba mmoja alivunja uzio akakimbilia barabarani. Tajiri akampigia simu jirani yake, mzee mrefu mwenye kofia ya ukingo bapa na kitambaa cha hariri shingoni. Mzee akaja na trela, akashusha farasi, na kabla sijajua nini kinaendelea kitanzi kilikuwa kimeshaingia shingoni mwa mtamba. Kamba yenyewe ndefu sana. Na hakuwa ameifunga kwenye tandiko. Aliizungusha tu kwenye ile pembe ya mbele, ikawa inateleza kidogo kidogo hadi mtamba akapunguza mbio, akasimama mwenyewe. Alipokuwa anaikunja ndipo nikaona kidole gumba chake cha kulia ni kifupi, kimeishia kwenye kiungo cha kwanza.

Nikamsifu, nikamwambia yeye ni kauboi wa kweli. Akanigeukia bila hasira, lakini kwa uzito, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake: "Mimi si cowboy, kijana. Mimi ni buckaroo."

Kamusi ya kwenye simu inaniambia buckaroo ni cowboy, basi. Kama ni kitu kimoja, mzee alikataa nini? Na neno lenyewe limetoka wapi? Masikioni mwangu linakuja kama "bakora". Kwetu, kwenye milima ya Itombwe, humkuti mchunga ng'ombe bila fimbo yake. Je, inawezekana neno hili lilivuka bahari na watu wetu waliochukuliwa utumwani? Mwenye ujuzi anieleze, hata kwa urefu, nitasoma yote. Mzee anatoka upande wa Owyhee, kama hilo linasaidia.

Fundi Ngozi anajibu:

Ndugu yangu wa Fizi, pole na kazi. Swali lako nimelisoma nikiwa na tandiko la mtu mapajani. Mimi ni mtu wa Tanga, baba yangu alikuwa fundi viatu pale Ngamiani, na huu ni mwaka wa kumi na moja nashona ngozi Nevada kaskazini. Wateja wetu wengi ni hao hao buckaroo, na neno hili nalipenda kama mtu anavyopenda chombo cha kazi alichokizoea.

Nianze na asili. Kesho zamuni mwombe mmoja wa wenzako atamke "vaquero" polepole, na wewe mtazame midomo. Mwanzoni mwa neno, V ya Kihispania haitamkwi kama V yetu ya "vaa". Midomo inakutana, inatoka B. Utasikia "bakero". Maana yake ni mtu wa ng'ombe, kutokana na "vaca", ng'ombe, ambalo Wahispania walilirithi kutoka Kilatini, "vacca". Hilo ndilo neno la mzee wako. Buckaroo ni vaquero aliyepita kwenye midomo ya Waingereza.

Na njia aliyopita inaonekana kwenye maandishi. Mwaka 1827, wakati Texas ingali sehemu ya Meksiko, kuna mtu aliandika "bakhara" kwa kuandika alivyosikia. Mwaka 1889 tunakuta "buckayro". Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo "buckaroo" ikatulia. Tazama kilichotokea hapo katikati: "ba" imekuwa "buck". Kwa Kiingereza "buck" ni farasi kuruka na kupiga mateke ili amwangushe aliyempanda. Sikio la Mwingereza lilipata neno geni, likatafuta ndani yake kitu linachokijua, na likakipata.

Sisi tunafanya hivyo hivyo kila siku. Waingereza waliweka kibao cha "keep left" kwenye mzunguko wa barabara. Sikio la Mswahili likasikia KI mwanzoni, likasema hiki ni kitu: kipilefti. Kikiwa kimoja ni kipilefti, vikiwa viwili vipilefti! Madigadi ya gari nayo vivyo hivyo. Mudguard imeingia kwetu, tukasikia MA, tukaona ni wingi, tukapata digadi moja. Hakuna aliyekaa mezani akaamua. Kwa hiyo mtu akikwambia buckaroo linatokana na farasi kupiga mateke, mwelewe: amefanya kosa lile lile la mtu atakayesema kipilefti kimetokana na kiambishi cha Kiswahili. Kiambishi kipo kweli, ila kimeingia baadaye.

Sasa, mzee alikataa nini. Marekani ina wachunga ng'ombe wa shule mbili kubwa, na kila shule ina jina lake.

Ya kwanza ni ya Texas. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kuisha mwaka 1865, ng'ombe wa Texas walikuwa wengi na hawana bei, na watu wa miji ya mashariki walikuwa wanataka nyama. Wakawaswaga ng'ombe mamia ya maili kwenda Kansas kwenye reli. Abilene ilianza kupokea makundi hayo mwaka 1867. Kufika stesheni, ng'ombe hataki kuingia behewani, basi vijana walisimama kando ya njia na miti mirefu, wanamdunga mpaka aingie. Hapo ndipo yakazaliwa majina "cowpuncher" na "cowpoke", yote mawili yakiwa na maana ya mdunga ng'ombe. Yalianza kwa watu wa behewani, baadaye yakaenea kwa wote. Ukitafuta jina la kauboi lililotokana na fimbo, basi ni hayo.

Shule ya pili ni ya California. Wahispania walianza kujenga misheni zao kule mwaka 1769, wakaleta ng'ombe na farasi, na kazi ya kuwachunga wakafundishwa Wahindi Wekundu wa misheni na watoto wa askari. California ikawa ya Meksiko, na mwaka 1848 ikachukuliwa na Marekani, lakini vaquero hawakwenda popote. Ardhi ya malisho ilipobanwa, matajiri wa mifugo wakasogea na makundi yao ng'ambo ya milima, kwenye nyika kavu ya Nevada, Oregon ya kusini mashariki na Idaho ya kusini magharibi, yaani mlangoni kwako. Mfugaji Peter French alifika Oregon kutoka California mwaka 1872, na waliomswagia ng'ombe aliokuja nao walikuwa vaquero wa Kimeksiko. Ghala la mviringo alilolijenga ili wafunze farasi wakati wa theluji bado limesimama. Vijana wa Kizungu waliokuja kufanya kazi kule walijifunza kila kitu kwa vaquero hao: kamba, hatamu, mavazi, hata uvumilivu wa kufundisha farasi mmoja kwa miaka kadhaa. Wakajifunza na jina. Mzee wako alikuwa anakutajia waliowafundisha wale waliomfundisha yeye.

Ile kamba ndefu ndiyo ushahidi. Mtu wa Texas hutumia kamba fupi, na ncha yake ameshaifunga kwenye pembe ya tandiko kabla hajarusha. Akinasa, amenasa. Buckaroo wa zamani alirusha "reata", kamba ya ngozi mbichi iliyosukwa, futi 60 au zaidi. Nimeisuka moja kwa mikono yangu, nyuzi nne, ngozi ya ng'ombe mmoja ikikatwa kwa kuzunguka kutoka ukingoni kwenda katikati kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Inapendeza mno, lakini ukiikaza ghafla inakatika. Kwa hiyo haifungwi. Unanasa, halafu unaizungusha haraka kwenye pembe, unaiacha iteleze, unambana mnyama kwa hiari ya kamba. Kihispania chake ni "dale vuelta", izungushe. Waingereza wakasikia "dolly welter", wakafupisha "dally", na ndivyo wanavyosema mpaka leo.

Na kile kidole gumba, ndugu yangu, nadhani nakijua. Ukizungusha kamba huku gumba limelala badala ya kusimama juu, kamba inalibana kwenye pembe, na ng'ombe wa kilo mia nne upande wa pili hana habari nawe. Hapa dukani nimepeana mkono na watu wengi wenye gumba kama hilo. Muulize kwa adabu.

Kuhusu bakora. Naelewa kwa nini umeifikiria, na ukiliona lile neno la 1827, "bakhara", moyo unaruka zaidi. Lakini maneno mawili kufanana hakutoshi, lazima kuwe na njia. Bakora yetu ni neno la pwani, nasi tumelipata kwa Waarabu. Ili lifike nyika ya Nevada lingehitaji watu wa kulibeba. Vaquero alikuwa na watu, waliolipeleka kwa farasi, maili kwa maili. Bakora haikuwa nao.

Binti Darajani anajibu:

Asalaam aleikum. Naandika kutoka Maskati, kwetu Unguja. Nimefurahi sana na maelezo ya kaka Fundi, lakini hapo kwenye "bakhara" nimekwama. Sisi tuliosoma chuoni tangu utotoni neno la kwanza linalotujia ni Suratul Baqara, na tunajua baqara ni ng'ombe. Na Sudan, kule Kordofan na Darfur, kuna makabila ya Waarabu yanayoitwa Baqqara kwa sababu ni watu wa ng'ombe. Sasa: ng'ombe ni baqara, watu wa ng'ombe ni Baqqara, na Texas wanaandika bakhara. Waarabu waliitawala Hispania karne nyingi. Njia uliyoitaka hiyo hapo ipo, haina haja hata ya kupita kwetu Afrika Mashariki. Kwa nini "vaca" lisiwe la Kiarabu?

Fundi Ngozi anajibu:

Waaleikum salaam dada. Hoja yako ni nzito kuliko ya bakora, maana njia kweli ipo. Hebu tuipite.

Waislamu walivuka kuingia Hispania mwaka 711. Kama "vaca" lingetoka kwao, tusingelikuta kabla ya hapo. Lakini Warumi waliandika "vacca" karne nyingi nyuma, na ndugu zake wako kila mahali Roma ilipotawala: Waitalia wanasema "vacca", Wafaransa "vache", Waromania "vacă". Romania haikutawaliwa na Waarabu. Na ule mwisho wa "-ero" ni wa Kilatini pia, unaoonyesha mtu wa kazi fulani, kama sisi tunavyoweka M mbele: mchunga, mkulima, mkamuaji. Kwa hiyo baqara na vaca zimefanana tu, kama watu wawili wasio ndugu.

Lakini usikate tamaa dada, maana Kiarabu kimo kazini kwangu kila siku, ila kimejificha kwenye kichwa cha farasi. Buckaroo hamwekei farasi mchanga chuma mdomoni. Anamvisha kwanza hatamu isiyo na chuma, pete nene ya ngozi mbichi iliyosukwa inayokaa juu ya pua. Kwa Kiingereza inaitwa "hackamore". Hiyo ni "jáquima" ya Kihispania iliyoharibikia njiani, na jáquima ni Kiarabu, "shakima". Chini ya kidevu inafungwa kamba ya singa za farasi, "mecate", ambalo ni neno la Waazteki wa Meksiko. Waingereza wakaligeuza "McCarty", kana kwamba ni jina la ukoo wa Mwairishi!

Na sisi je? "Hatamu" ni Kiarabu. "Lijamu" ni Kiarabu. Farasi alikuja kwetu na maneno yake, akaenda kwao na maneno yake. Nikiwa nasuka ile pete ya pua huwa nafikiri kwamba mimi mtu wa Tanga na mteja wangu wa Nevada tumepewa maneno na watu wale wale wa farasi, kwa pande mbili tofauti za dunia. Hilo linanipa raha kazini.

Msomaji wa Nairobi anajibu:

Wakuu, mbona hakuna anayesema la watu weusi? Nimesoma mara nyingi kwamba "cowboy" lilikuwa jina la weusi peke yao, kwa sababu mzungu alimwita mtu mweusi "boy" hata akiwa na mvi, na mzungu mwenzake akimwita "cowhand". Sisi wenyewe tunalijua hilo neno. Babu yangu alifanya kazi kwa setla Nakuru, alikuwa na watoto saba, na aliitwa "boi" mpaka anastaafu. Pia kuna hoja kwamba hata buckaroo ni neno la Kiafrika. Fundi, hizi habari umezikwepa ama?

Fundi Ngozi anajibu:

Sijazikwepa, mkuu. Nilizibakisha kwa sababu zinastahili nafasi yake. Na pole kwa ya babu. Marehemu babu yangu mimi aliitwa hivyo hivyo kwenye mashamba ya mkonge.

Tuanze na "cowboy". Neno ni la zamani kuliko Texas. Mwandishi Jonathan Swift wa Ireland alilitumia mwaka 1725, likiwa na maana ya wazi kabisa, mvulana anayechunga ng'ombe. Kwenye vita vya uhuru vya Marekani, kule New York, "cowboys" walikuwa wafuasi wa mfalme waliokuwa wakiiba ng'ombe za majirani. Kwa hiyo halikuanza na weusi. Ila ukisema kwamba mtu mweusi kuitwa "boy" kulikuwa tusi, umesema kweli tupu, na tusi hilo lilipanda farasi pamoja na watu. Yote mawili ni kweli, lakini la pili halithibitishi la kwanza.

Waliofutwa kwenye picha ni watu wenyewe. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba kwenye zile safari za kuswaga ng'ombe kutoka Texas, hadi mtu mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Wengi wao walijifunza kazi wakiwa watumwa, na vita vilipoisha wakaanza kulipwa kwa ujuzi uleule. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, ndiye aliyebuni namna ya kumrukia fahali kutoka juu ya farasi, kumshika pembe na kumwangusha. Yeye alimng'ata mdomo wa juu kama alivyoona mbwa wakifanya. Mchezo huo bado uko kwenye kila rodeo kubwa, yaani mashindano ya makauboi, bila ya kung'ata. Ninapoona bango la rodeo lenye sura nyeupe tupu, huwa naumia.

Sasa buckaroo. Mwaka 1960 msomi Julian Mason alitoa hoja kwamba neno hili lina mkono wa "buckra". Hilo ni neno la watu wa Gullah, weusi wa visiwa na pwani za South Carolina na Georgia, na maana yake ni mzungu. Asili yake ni "mbakara" ya Waefik na Waibibio wa Nigeria ya leo. Hoja si ya mtaani. Aliona kwamba Mhispania anakaza sauti katikati, vaQUEro, ilhali Mmarekani anakaza mwishoni, buckaROO, akauliza nguvu hiyo imetoka wapi.

Mimi nimeitafakari sana, maana ningependa iwe kweli. Lakini kwenye maandishi ya kale neno linawahusu wachungaji wa Kimeksiko, si bosi mzungu, na likashika mizizi Nevada na Oregon, walikokwenda vaquero wa California. Pwani ya Gullah iko upande wa pili wa bara. Na ile "buckayro" ya 1889 bado inasikika kama vaquero kabisa. Pengine "buckra" ilisaidia kuuvuta mwisho, kama "buck" ilivyovuta mwanzo. Mzazi ni vaquero.

Kuna neno jingine ambalo Waswahili hulirukia haraka: "dogie", ndama yatima anayebaki nyuma ya kundi. Wapo wanaosema ni "kidogo" yetu. Kufanana kupo, na maana inakaribia, ndama mdogo. Ila waliochukuliwa utumwani kwenda Marekani ya kaskazini walitoka hasa Afrika Magharibi, na Kongo na Angola. Kwa hiyo anayetaka kulitafutia neno hilo mama wa Kibantu atafute kwanza Kikongo na Kimbundu, si Kiswahili cha Unguja. Kamusi kubwa za Kiingereza bado zinaliandika kuwa asili yake haijathibitishwa, na watu wengine wanalipeleka kwa "dough-guts", tumbo la unga, kwa jinsi tumbo la ndama mwenye njaa linavyovimba.

Mwana Lubumbashi anajibu:

Jambo kwenu wote. Niongeze kidogo la kwetu. Baba yangu alikulia Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville. Miaka ya 1950 vijana wa kule walizipenda sana filamu za makauboi, wakavaa suruali za jinzi, mashati ya mirabaraba na kitambaa shingoni, wakajiita "Bill". Ni jina la Buffalo Bill, yule Mmarekani wa maonyesho ya makauboi. Mtaa ulikuwa na Bill wake, na walikuwa na lugha yao, Hindubill, Lingala iliyochanganywa na Kifaransa na maneno ya kujitungia. Baba hajawahi kumpanda farasi. Lakini hadi leo, akimwona kijana anatembea kifua mbele, anasema kwa heshima, "Huyo ni Bill." Kwetu sisi Kongo, neno la mtaani la kauboi lilikuwa jina la mtu mmoja.

Fundi Ngozi anajibu:

Asante sana mwana Lubumbashi, hilo nitamsimulia tajiri wangu kesho.

Nimesahau Owyhee, na ndugu wa Idaho aliitaja. Hilo ni jina la Hawaii, lilivyoandikwa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wahawaii watatu waliofanya kazi ya kutega wanyama wa manyoya walikwenda kwenye nchi hiyo wakapotelea huko, mto ukaitwa kwa jina la kwao.

Na Hawaii nako kuna makauboi. Mwaka 1793 nahodha George Vancouver alimpa mfalme Kamehameha ng'ombe, wakaachwa wakazaana hadi wakawa balaa la mashamba. Miaka ya 1830 mfalme Kamehameha wa Tatu akaleta vaquero kutoka California wawafundishe watu wake. Wageni walisema wao ni "español". Sasa Kihawaii hakina S, na kama Kiswahili, hakikubali neno liishie konsonanti. Wakasema "paniolo". Mpaka leo mchunga ng'ombe wa Hawaii ni paniolo. Vaquero wale wale: waliokwenda kaskazini wakawa buckaroo, waliovuka bahari wakawa paniolo.

Mkamuaji wa Idaho anajibu:

Ndugu zangu, asanteni kutoka moyoni. Kaka Fundi, Mungu akubariki. Nimesoma yote mara mbili, na leo nimefanya ulichoniagiza.

Zamuni nilimwomba mwenzangu wa Jalisco aseme "vaquero". Nikamtazama midomo, ikakutana. Nikamwambia mzee wa jirani anajiita buckaroo na neno hilo ni lake yeye Mmeksiko. Akaacha vikombe mkononi akanitazama. Baba yake alikuwa vaquero, kumbe. Miaka sita tunakamua pamoja sikuwahi kujua. Akanieleza habari za farasi wa baba yake mpaka msimamizi akatuita.

Jioni mzee alipita kuleta nyasi kavu. Nikamuuliza kwa adabu, kama ulivyosema. Hakujibu kwa maneno kwanza. Alichukua kamba kwenye gari, akanipeleka kwenye nguzo ya uzio, akanishika mkono na kunionyesha namna ya kuzungusha, gumba likiwa limesimama juu. Mara ya kwanza gumba langu lililala, akanipiga kofi dogo la mkono, akainua lake lile fupi mbele ya macho yangu. Nikarudia. "Dally," akasema. Mwenzangu wa Jalisco alikuwa amesimama nyuma yetu, akasema, "Dale vuelta." Mzee akageuka, akamtazama, akamkabidhi kamba.

Walipomaliza, mzee akaniuliza mtu wa ng'ombe kwetu anaitwaje. Nikamwambia mchunga. Ile M ya mwanzo ikamshinda. Akajaribu, akajaribu tena, ya tatu ikatoka "machunga". Sikumsahihisha. Kesho asubuhi anarudi na farasi wa pili, na mimi nimebadilishana zamu.